Waya Mweusi Usiokwenda Popote

Zuwena mwanangu,

Nnakwandikia nawe upo chumba cha pili. Nakusikia unavyopigana na zipu ya sanduku, na mamako anakwambia utoe ile jozi ya tatu ya viatu, nawe unajifanya husikii. Mie nimekaa sebuleni na daftari la gereji mapajani. Kurasa za mbele zimejaa namba za gari za watu, hizi za nyuma ndo zako. Magharibi nimesali, isha bado. Mamako kaniuliza naandika nini, nikamwambia orodha ya vipuri. Kanitazama, akaenda zake.

Usiicheke khati yangu. Unajua shule yangu iliishia darasa la tatu, kule Unguja, na katika hayo matatu moja zima nlikuwa naumwa macho. Ningeweza kumpa mtu aniandikie, lakini mtu mwengine angelipiga pasi neno langu mpaka likakosa joto. Na hili nataka likufikie na mikunjo yake.

Mambo ya koti, ya chakula, ya watu wa kukaa nao na wa kuwakimbia, mamako keshakwambia, na kesho njiani atakwambia tena. Mie sina la kuongeza hapo. Nna jambo moja tu, nalo ni la ile ndege yako.

Nlitaka nikwambie kwa mdomo. Wallahi nimejaribu. Jumatatu tulipokwenda Matrah kununua hilo sanduku, nikaanza vizuri kabisa, nikasema, "Zuwena, unaikumbuka ile ndege?" Ukasema, "Ndege gani, Baba?" ukageukia dirishani. Na mie badala ya kuendelea nikashika kukueleza honi ya teksi ya mbele yetu ina kasoro gani. Nlikueleza honi mpaka sokoni. Mwanamme mzima.

Basi nakuandikia. Mengi humu unayajua, lakini niachie niyaseme tangu mwanzo, maana fundi hafungui gari kwa katikati.

Ndege ilikuja kwa Otieno, yule Mkenya wa ghorofani juu ya gereji yetu Darsait, fundi wa AC. Mzungu mmoja ambaye Otieno alikuwa akimfanyia kazi alihama, akamwachia boksi. Ndani mna ndege ya mabawa marefu kuliko mlango, mwili mwembamba kama mwiko wa biriani, imetengenezwa kwa lile povu gumu jeupe la maboksi ya samaki, na fimbo nyeusi imepita ndani ya mabawa kuyakaza. Haina injini, haina panga la kuzunguka mbele. Unairusha kwa mkono kutoka kilimani, upepo unaichukua, nawe unasimama chini na rimoti unaugeuza mkia. Mie nikasema hiyo si ndege, hicho kishada kilichokatika uzi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne, ukapitisha mkono juu ya bawa kama mtu anayepapasa farasi.

Ijumaa baada ya Ijumaa, wewe na Otieno kwenye kile kilima cha nyuma ya Sidab, upepo wa baharini unapogonga mawe na kupanda juu. Mie nakaa kwenye pikapu na chupa ya kahawa. Watu wakipita wananiuliza, "Nani anaiendesha ile?" Nawaambia, "Binti yangu." Wakisema mashallah, nawaambia ngojeni muone anavyoigeuza. Sikuwahi kukwambia hilo. Kwako nlikuwa nasema, "Leo umeitikisa sana."

Halafu ukataka taa. Ulisema ukiwa na taa unaweza kuirusha hata jua likishazama, ukajua inatazama wapi. Nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani, kama ndege kubwa zinazotupita juu ya paa. Ukiziona nyekundu na kijani pamoja, inakuja kwako. Ukiiona nyeupe peke yake, inakwenda. Ulikuwa unamwambia Otieno hayo, nami nimekaa hapo hapo. Nikakasirika. Nikakuuliza, "Taa unamwambia fundi wa baridi? Na babako nani?"

Maana umeme wa gari, mwanangu, mji huu mzima ni mie. Hilo sijisifu, ndivyo ilivyo. Gari zimenijia zimeshindikana kwa wakala wao, zimevutwa kwa kamba, nikaziwasha kwa waya mmoja na kiberiti. Basi nitashindwa na taa tatu za ndege ya povu?

Nikashindwa. Kitaa cha kwanza nlikichomeka kwenye betri ya gari. Kikawaka kama radi, kikafa.

Ukasema, "Baba, hicho kinataka volti mbili. Umekipa kumi na mbili."

Nikasema, "Kibovu hicho."

Cha pili nacho nikasema kibovu. Cha tatu ukaninyang'anya, ukakificha ndani ya ngumi. Ukaenda kwa Otieno ukarudi na rezista, vile vidude kama punje za mchele vyenye mistari ya rangi. Ukanieleza kila kitaa kipewe chake, kiuzuie umeme usikiingie wote kwa mara moja, na mguu mrefu wa kitaa uende chanya. Ulinieleza mara tatu. Mara ya nne nikakueleza mie, kama kwamba nlizaliwa nalijua. Na wewe ukatikisa kichwa, "Eeh, Baba. Kumbe." Nlikuona ulivyokuwa unabana kicheko.

Halafu nikatandika waya wa gari, wa shaba, mnene, mzuri. Otieno akaja akaiinua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, mkia ukaanguka pap.

"Mzee," akasema, "hii sasa ni lori."

"Waya mwembamba unakatika."

"Wacha ukatike, Mzee. Bora iruke kwanza."

Hapo sasa nikawaonyesha mie nani. Nlivunja rilei, kile kiboksi kinachoiwasha honi, ya lori bovu lililokuwa nyuma ya gereji, nikaufumua waya wa ndani, ule mwembamba kama unywele, umepakwa vanishi. Ukiukwangua kwa wembe ncha zake ndo unashika risasi ya kulehemu, na ile vanishi nyengine inazuia nyaya zisigusane. Nikaulaza ndani ya povu kwa ncha ya kisu, nikaupitisha mpaka mwisho wa bawa, huuoni wala huusikii kwa kidole. Ulipoushika ulisema, "Baba, huu uzi wa buibui." Otieno naye akavua kofia. Nimeyaandika haya ili ujue kwamba nyaya zile zilikuwa kazi ya mtu anayejua. Kosa halikuwa kwenye nyaya za taa. Liweke hilo akilini.

Tukagombana tena juu ya betri. Mie nlitaka taa zile kwa betri ile ile inayougeuza mkia. Gari lina betri moja, linawasha taa, honi, redio, na watu wanafika Nizwa, mbali kule, na kurudi.

Otieno akasema, "Mzee, gari ikiisha betri inasimama kando ya barabara. Hii ikiishiwa huko juu, itasimama wapi?"

Siku ya pili nikaja na betri ya ile simu yetu mbovu ya nyumbani, isiyo na waya, nikasema nimefikiri sana, nimeona taa ziwe na betri yao, mbali na ile ya mkia. Mkatazamana. Tukaitia puani, na uzito wake ukamaliza ule wa kitaa cha mkiani. Ikakaa sawa juu ya vidole viwili vya Otieno, haikuinama mbele wala nyuma.

Sasa ndo nafika.

Siku ya mwisho ya kazi wewe ulikuwa skuli na Otieno kazini. Mie peke yangu, nasafisha, nafunga tepu. Nikauona waya mmoja mweusi. Umetoka kwenye kile kisanduku kidogo kinachopokea amri za rimoti, umepita tumboni mwa ndege, umetokeza nyuma, unaning'inia. Mrefu kama hatua yangu moja kubwa. Nikaufuata na kidole mpaka mwisho. Hauendi popote. Haukufungwa kwenye kitu chochote.

Bwana aliyenifundisha kazi pale Matrah nlipofika kutoka Unguja, Mungu amrehemu, alikuwa akinizaba kofi kwa kila waya wa namna hiyo nitakaouacha. Gari inapokuja kwetu imeshapita mikononi mwa mafundi kumi, na kila mmoja kaacha mkia wake. Huu wa kengele iliyokwisha kutolewa, huu wa redio ya mwaka gani sijui. Akiuona anasema, kata, ziba, endelea. Miaka thelathini nakata nyaya zisizokwenda popote, na watu wananishukuru.

Nikaukata. Nikabakisha shibiri, nikaikunja, nikaifunga tepu vizuri. Kile kipande nikakitupa kwenye kopo langu la maziwa, lile la vipande vya nyaya.

Ulipotoka skuli nikazima taa ya gereji, nikateremsha mlango nusu, nikawasha swichi. Nyekundu, kijani, nyeupe. Ukakaa chini sakafuni na sare yako, kwenye grisi, ukatazama tu. Mamako baadae aliisugua ile sare siku mbili. Nani pale angekumbuka kuangalia waya wa nyuma?

Ijumaa yake Otieno kaitwa kazini, hoteli moja AC zimezima. Nikasema twende wawili. Tukafika kilimani jua limeshika milima nyuma yetu. Wewe ukaiweka ndege juu ya jiwe, ukashika rimoti, ukaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, unahesabu.

Nikakuuliza, "Unakwenda wapi?"

"Napima masafa, Baba. Lazima nirudi mbali nione kama mkia bado unanisikia. Otieno kasema kila siku, kabla ya kurusha."

"Jua linakwisha."

"Dakika mbili tu."

Nikakwambia hivi, nayakumbuka maneno yangu kama yalivyo: "Kazi ya babako haipimwi. Rudi."

Ukasita. Ulikuwa umefika hatua kama ishirini, na mkia ulikuwa unacheza. Ungefika sitini ungejua. Lakini ulirudi, kwa sababu nlikwambia urudi.

Ukairusha. Zuwena, nimeona mambo mengi lakini kile sijakiona tena. Ilitupita kichwani, taa tatu, kimya, hata upepo ulikuwa na sauti kuliko yenyewe. Ukaizungusha mara mbili. Wavuvi wa Sidab waliokuwa wanavuta mashua yao wakasimama wakatazama juu. Mie nikanyoosha mkono, nikawaonyesha wewe.

Mara ya tatu uliipeleka nje, juu ya maji, ili uigeuze irudi na nyekundu na kijani zikitutazama. Haikugeuka. Nliona kidole chako kinasukuma, kinasukuma. Ukasema kwa sauti ndogo, "Rudi." Ikatikisika kidogo, ikatulia, ikaendelea zake, vizuri kabisa, kama inayojua inakokwenda. Tukaiona nyeupe peke yake. Tukaiona muda mrefu, maana betri ya simu ile ilikuwa nzuri. Mpaka haikuonekana tena.

Hukulia. Ulisema, "Nimeikata kona vibaya, Baba. Mkono wangu."

Na mie nikakwambia, "Basi mama. Mkono utazoea."

Nisikilize hapa. Pale kilimani sikuwa najua, na nlikwambia vile kwa huruma. Hilo sihesabiwi. Ninalohesabiwa ni la siku ya pili yake. Otieno kaja gereji, nimemweleza, kanyoosha mikono kiasi hiki, akauliza, "Mzee, ule waya mweusi mrefu ulikuwa nje?"

"Waya gani?"

"Wa nyuma. Eriali. Hayo ndiyo masikio yake. Bila huo inasikia hapa karibu tu."

Kopo la maziwa lipo mbele yangu, juu ya meza, na ncha nyeusi imechungulia. Nikasema, "Ulikuwepo." Akasema, "Haya, Mzee." Akapanda kwake.

Siku hiyo ningeweza kurudi nyumbani nikakwambia. Ungelikasirika wiki moja. Lakini nlijiambia ntakwambia kesho, na kesho ilipofika wewe ulikuwa umeshaifunga rimoti kwenye taulo, umeiweka juu ya kabati. Nikasema basi, kashasahau. Otieno alikwita mara mbili, mara tatu, ana nyengine, mkaijaribu. Ukamwambia una mitihani. Miaka minne una mitihani.

Mie nna ugonjwa huu tangu ujana. Muulize mamako khabari ya friji. Wewe hujazaliwa, tumehamia nyumba hii, nikasema sitaki fundi wa nyumba, waya ni waya. Jikoni nikaunganisha mwenyewe. Mamako kafungua friji, umeme ukamrusha mpaka kwenye mtungi wa gesi. Nikamwambia, "Mikono yako ina maji." Usiku nikaamka nikarekebisha, kosa langu, waya wa ardhi nlikuwa sikuufunga. Sikumwambia. Basi unajua kwa nini mamako miaka yote hii anafungua friji kwa kitambaa. Umekua unaona, hata wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimwiga. Ukidhani ndo friji zinavyofunguliwa.

Wiki iliyopita nlikuja jikoni kuchukua kahawa, mlango umeegeshwa. Ulikuwa unamwambia mamako, "Watanipa nishike nyaya za ndege za watu kweli, Mama. Na mie hata ya kuchezea nliipoteza." Mamako akasema utaweza. Ukasema, "Mkono wangu si mzuri. Labda niandike nibadilishe, nisome kitu chengine."

Nikaiacha kahawa.

Umechaguliwa wewe, Zuwena, kati ya watoto wote wale walioomba, kwenda Uingereza kusomea umeme wa ndege. Ndege. Mie nilikata masikio ya ile yako, nikakuacha uamini kwamba wewe ndo uliyeshindwa kuiita. Na unakwenda huko kufungua kila kitu kwa kitambaa.

Nikaenda gereji, nikamwaga kopo lote mezani. Kipande kipo. Nikapanda kwa Otieno nacho mkononi. Kakiona tu, akakaa.

"Nilijua tangu siku ile, Mzee," akasema. "Ulipouliza 'waya gani' ulikuwa unaangalia kopo."

"Mbona hukumwambia?"

"Mtoto ni wako. Makosa ni yako. Mimi ningesema kama nani?"

Nikamwambia kama nitakwambia hivi hivi hutoniamini. Utasema Baba ananibembeleza kwa kuwa nnasafiri. Akafikiri. Kwenye lile boksi la mzungu kulikuwa na kisanduku chengine cha kupokelea, ndugu ya kile kile. Akasema, "Basi tupime."

Ijumaa iliyopita, uliponiuliza nimekwenda wapi asubuhi na viatu vya michezo, nlikuwa na Otieno kwenye uwanja wa mpira. Tukakiweka kile kisanduku juu ya kiti na betri na kile kimota kidogo cha kuvuta mkia. Otieno kaukata waya wake mwenyewe kwa shibiri yangu, sawasawa na nlivyokata mie. Mie nikashika rimoti. Yeye kakaa kwenye kiti, anapunga mkono kila kimota kikicheza. Nikarudi nyuma nahesabu, kama ulivyokuwa unahesabu wewe. Thelathini, anapunga. Arubaini, anapunga. Hatua ya hamsini na nne mkono ukashuka. Nikasukuma kidole mpaka kikaniuma. Mkono wa Otieno umelala mapajani.

Nikarudi. Nikalehemu pale pale, juu ya boneti ya pikapu, kipande kile kile nlichokukatia wewe, hiki cha kwenye kopo. Nikaanza tena. Hamsini na nne anapunga. Mia anapunga. Nikafika golini, nikapita golini, nikafika ukutani, Otieno kawa mdogo kama kidole, na anapunga. Wenye kucheza mpira wakadhani wazee wawili wamepata jua la kichwa.

Ulikuwa mkono mzuri, mwanangu. Ulisukuma wakati wa kusukuma, na upande wa kusukuma. Aliyekuwa hasikii ni yule wa juu, na mie ndo nilomziba. Shahidi Otieno, muulize, namba yake unayo. Na usinifanyie adabu ukaniambia ilikuwa bahati mbaya. Kukata ilikuwa bahati mbaya. Miaka minne si bahati.

Huko unakokwenda utakutana na watu kama mie. Wazee wenye mikono mizuri, wamesifiwa mpaka wamelewa, na wengine watakuwa wakubwa zako. Siku mmoja wao akikwambia kazi yake haipimwi, wewe rudi nyuma hatua zako, uhesabu, na jua lizame likitaka kuzama. Na siku wewe utakapokuwa mkubwa na una jina, na mtoto mmoja kasimama mbele yako anataka kukupima, kumbuka nlivyokuita urudi. Sina jengine la kukufundisha. Lile la kulehemu ulishanishinda zamani, ila usimwambie mtu.

Leo adhuhuri, kabla sijashika kalamu, nlisema nianze kwa mamako, kujaribu. Nikaenda jikoni, nikamwambia, "Ile friji, mwaka ule. Lilikuwa kosa langu. Sikufunga waya wa ardhi."

Alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua kichwa. "Nlijua siku ile ile," akasema. "Uliamka usiku na bisibisi, ukadhani nimelala."

"Sasa kitambaa cha nini miaka yote hii?"

"Chako. Nlijiambia siku utakayosema kweli, ntakiacha."

Akakitundika msumarini, akaifungua friji kwa mkono mtupu, akatoa ndimu. Nimesimama pale kama gari lililopata moto. Kisha tukacheka, Zuwena, mpaka akafuta macho, na sijui nusu ilikuwa vitunguu au nini. Wewe ulikuwa unalala. Basi nikaona kusema kumbe hakuui. Nimejinyima hicho kicheko miaka ishirini kwa ukaidi tu.

Mamako alikuwa anajua, hakudhurika. Wewe hukuwa unajua. Ndo maana hii yako ni barua, na ile ilikuwa maneno mawili jikoni.

Kesho uwanja wa ndege sitosema kitu. Usiningojee. Mamako atafanya kulia kwetu sote, mie ntabeba masanduku na kugombana na yule wa mizani. Barua hii ntaitia mfuko wa koti lako, uisome mkishapaa, ambapo huwezi kuteremka ukaja kunikumbatia mbele za watu.

Ndani ya bahasha mna waya. Nimeufumua tena kutoka kwenye kile kisanduku cha Otieno, nikamwekea mwengine mpya. Mwisho mmoja una risasi yangu, utaijua, mviringo na inang'ara, hakuna anayelehemu hivyo. Usiutupe. Ukae nao mezani kwako, ili siku mkono wako ukikutia shaka uupime urefu wake.

Rimoti nimeiteremsha kutoka juu ya kabati, nimeifungua taulo, nimeitia betri. Mamako ndo aliyekutolea ile jozi ya tatu ya viatu, mie nikanyanyuka mlipokwenda jikoni, nikaiweka chini ya nguo, pale palipokuwa na viatu. Usigombane naye.

Naisikia zipu imefunga. Nawasikia mnacheka.

Ukifika piga simu. Si lazima useme jambo kubwa, hata usiniambie kama umenikasirikia, hilo lina siku yake. Sema tu "Baba", kisha unyamaze kidogo nisikie. Mie ntakuwa nimesimama mlangoni mwa gereji, nami ntapunga mkono. Hutoniona, lakini ntapunga. Safari hii masafa tunapima.

Babako